Kama Mungu aliufanya mgumu moyo wa Farao, kosa la Farao ni lipi?

Swali: Shalom mwalimu. Katika darasa letu la Biblia tumefika kitabu cha Kutoka na hapo tumekwama. Mungu anasema ataufanya mgumu moyo wa Farao, kisha anampiga Farao kwa kuwa na moyo mgumu. Kijana mmoja akauliza, "Na Yuda je? Kama ilikuwa lazima Yesu asalitiwe, Yuda ana kosa gani?" Mwenzake akadakia huku akicheka, "Basi hata mimi nikianguka, Mungu alishapanga." Wote wakanigeukia, nikakosa la kusema. Niwajibu nini?

Jibu: Shalom dada yangu. Kukosa la kusema mbele ya swali hilo si aibu. Mtume Paulo aliliona likija, akaliandika kabla wasomaji wake hawajafungua kinywa: "Basi utaniambia, Mbona angali akilaumu? Kwa maana ni nani ashindanaye na kusudi lake?" (Warumi 9:19). Vijana wako wamesoma vizuri. Mimi hunitia wasiwasi zaidi mtu anayepita Kutoka sura ya 4 hadi ya 14 bila kusimama hata mara moja.

Majibu mafupi yapo, na bila shaka umekwisha kuyasikia. Moja linasema Mungu alijua tu yatakayotokea, hakuyafanya. Ukilishika hilo itakubidi uruke mistari inayosema wazi kwamba alifanya. La pili linasema Mungu hufanya apendavyo, basi nyamaza. Na hilo litakulazimu uruke kila mahali ambapo Mungu huyo huyo anamsihi mtu ageuke. Nimefundisha Agano la Kale kwa miaka mingi na bado sijakutana na jibu fupi lisiloruka kitu. Kwa hiyo nivumilie twende pole pole.

Anzeni na Farao, lakini kwa kalamu mkononi. Andikeni pembeni kila mahali moyo wake unapotajwa. Mungu anamwambia Musa mapema, katika 4:21 na tena 7:3, kwamba ataufanya moyo huo kuwa mgumu. Hilo lisifichwe darasani: neno lilitangulia pigo la kwanza. Sasa tazameni mapigo yenyewe yanavyosimuliwa. Maji yanageuka damu, na moyo wa Farao unakuwa mgumu. Hatuambiwi nani aliyeufanya hivyo. Wanakuja vyura, wanaondolewa, na Farao mwenyewe anaufanya moyo wake kuwa mzito (8:15). Baada ya chawa, moyo ni mgumu. Baada ya inzi, Farao anaufanya mzito tena (8:32). Mifugo inakufa, moyo bado. Ni kwenye pigo la sita, la majipu, ndipo msimulizi anaposema kwa mara ya kwanza kwamba BWANA aliufanya mgumu (9:12).

Wengi hukomea hapo wakashukuru. Farao alianza mwenyewe, wanasema, Mungu akaja baadaye kumthibitisha katika alichokwisha kukichagua. Hoja hiyo ina ukweli, na inakaa vizuri na Warumi 1, ambako Paulo anarudia mara tatu kwamba Mungu "aliwaacha" watu katika tamaa walizozitaka. Ila msimulizi wa Kutoka anaendelea. Pigo la saba ni mvua ya mawe. Farao anakiri kuwa amekosa, kwamba BWANA ni mwenye haki, na yeye na watu wake ni waovu (9:27). Mvua inakoma. Mstari wa 34 unasema alipoona imekoma akazidi kufanya dhambi, akaufanya moyo wake kuwa mzito. Geuza ukurasa, mstari wa kwanza wa sura ya 10, Mungu anamwambia Musa aingie kwa Farao, kwa maana "nimeufanya moyo wake kuwa mzito". Ni moyo ule ule, baada ya mvua ile ile. Mwandishi hachori mpaka kwamba hadi hapa ni Farao na kuanzia hapa ni Mungu. Anasema Farao alifanya, na anaita dhambi. Kisha anasema Mungu alifanya, ili aonyeshe ishara zake. Wala haombi radhi kwa msomaji.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Ni nini hasa kilichotokea moyo ule ulipozidi kuwa mzito? Katika 8:15 Farao aliona kuna nafasi ya kupumua. Katika 9:34 aliona mvua imekoma. Mara zote mbili ilikuwa nafuu. Hatuoni popote Mungu akichukua mtu mpole anayetaka kuwaacha Waisraeli waende, akamgeuza kuwa katili kwa nguvu. Tunaona mtu aliyekwisha kusema, kabla ya pigo lolote, "BWANA ni nani, hata niisikilize sauti yake?" (5:2), akipewa nafasi baada ya nafasi, na kila nafasi inamzidisha. Tena mlango haukufungwa kwa Wamisri wote. Katika 9:20 wapo watumishi wa Farao walioliogopa neno la BWANA, wakawakimbiza watumwa na mifugo yao nyumbani kabla mvua ya mawe haijanyesha. Na miaka mingi baadaye, sanduku la agano lilipokuwa limewachosha Wafilisti, makuhani wao na waaguzi waliwauliza watu kwa nini wafanye mioyo yao kuwa migumu kama Wamisri na Farao walivyofanya (1 Samweli 6:6). Wapagani wale waliisoma habari ya Farao kama onyo linaloweza kufuatwa, na walilifuata.

Basi hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Watu wengi hulijia swali hili wakiwa wamekwisha kugawa: sehemu fulani ya tendo ni ya Mungu, iliyobaki ni ya mtu, na ukiongeza huku unapunguza kule. Biblia haigawi. Inasema tendo lote liko chini ya kusudi la Mungu, na tendo hilo hilo lote ni la mtu na atalijibia. Wahubiri hupenda kusema kwamba kweli hizi mbili ni kama reli mbili za treni, zinakwenda sambamba na hazikutani. Siupendi mfano huo. Reli hazigusani kamwe, ilhali katika Maandiko kweli hizi mbili hukutana ndani ya sentensi moja. Yusufu anawaambia ndugu zake, "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema" (Mwanzo 50:20). Petro siku ya Pentekoste anasema Yesu alitolewa "kwa shauri la Mungu lililokusudiwa", na kabla sentensi haijaisha anaongeza "ninyi mkamsulibisha" (Matendo 2:23). Watu walipochomwa mioyo wakauliza wafanye nini, Petro hakuwatuliza kwa kuwaambia kwamba ilikuwa imepangwa. Aliwaambia watubu.

Angalia neno linalorudi kwa Yusufu: kukusudia. Ndugu zake walikuwa na lengo, Mungu alikuwa na lengo, juu ya tukio moja, kijana wa miaka kumi na saba anauzwa kwa vipande ishirini vya fedha. Malengo hayo hayafanani hata kidogo. Isaya 10 inaeleza jambo hilo kwa uwazi zaidi kuliko sura nyingine yoyote ninayoijua, na ninakusihi uisome darasani pamoja na Kutoka. Mungu anaiita Ashuru "fimbo ya hasira yangu" na kusema ndiye anayeituma juu ya taifa lisilomcha. Kisha mstari wa 7: "Lakini hivyo sivyo akusudiavyo mwenyewe, wala sivyo moyo wake uwazavyo, maana katika moyo wake akusudia kuharibu." Kisha mstari wa 12: Mungu akiisha kumaliza kazi yake yote katika Sayuni, ataadhibu majivuno ya mfalme wa Ashuru. Fimbo ilitumwa, na fimbo inahukumiwa. Inahukumiwa kwa kile ilichokitaka yenyewe, si kwa kile Mungu alichokitaka kupitia kwake.

Sasa hapa ndipo ningependa vijana wako wakae kwa muda, maana sioni likifundishwa sana. Mnapokutana na mstari unaosema "Mungu ndiye aliyefanya hili", ulizeni ni kinywa cha nani kinachosema.

Yusufu alisema, "si ninyi mlionipeleka huku, ila Mungu" (Mwanzo 45:8). Huyo ndiye aliyetupwa shimoni. Ndugu zake wenyewe, walipobanwa kule Misri, hawakusema hivyo. Walisema wana hatia kwa ajili ya ndugu yao, kwamba waliiona taabu yake alipowasihi na hawakumsikiliza (42:21). Ayubu alisema, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa" (1:21). Hayo ni maneno ya aliyeporwa. Sijui mfasiri yeyote aliyethubutu kuyaweka kinywani mwa Waseba waliochukua ng'ombe wake na kuwaua watumishi. Daudi alipomkimbia Absalomu, Shimei alimfuata akimtukana na kumrushia mawe. Abishai akataka kumkata kichwa, Daudi akamzuia, akasema aachwe alaani kwa kuwa BWANA ndiye aliyemwagiza (2 Samweli 16). Mambo yalipogeuka na Daudi akarudi, Shimei alikuja kumlaki Yordani. Unaweza kudhani alikuwa na utetezi tayari, tena uliotoka kinywani mwa mfalme. Hakuutumia. Alianguka chini akasema anajua kwamba amekosa (2 Samweli 19:20). Na Yesu mbele ya Pilato: usingekuwa na mamlaka yoyote juu yangu kama usingepewa kutoka juu, kisha papo hapo akazungumzia nani ana dhambi kubwa zaidi (Yohana 19:11). Mamlaka yametoka juu, na dhambi bado inapimwa.

Upande wa pili wako wale waliolichukua fundisho hilo wakiwa ndio wakosaji. Wa kwanza ni Adamu: mwanamke "uliyenipa" ndiye aliyenipa matunda. Wa kukumbukwa zaidi kwangu ni yule amiri wa Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliyesimama nje ya kuta za Yerusalemu mwaka 701 KK, akawapigia watu kelele kwamba BWANA ndiye aliyemwambia apande kuiharibu nchi (Isaya 36:10). Ukilinganisha na Isaya 10 utaona kwamba hakuwa mbali na ukweli! Mungu kweli alikuwa ameituma Ashuru. Na bado jeshi lile lilipigwa, na Senakeribu akauawa na wanawe mwenyewe. Kusema jambo la kweli kuhusu enzi ya Mungu hakukumwondolea mtu yeyote hatia. Wengine ni wale watu wa ufalme wa Yuda katika Yeremia 18. Sura hiyo, ya mfinyanzi na udongo, hunukuliwa kana kwamba inafundisha kwamba udongo hauna la kufanya. Isome hadi mwisho: Mungu anasema taifa likigeuka naye ataghairi, anawasihi warudi, na ni watu, si Mungu, wanaojibu kwamba hakuna tumaini, watafuata mawazo yao wenyewe.

Sisemi kwamba hii ni sheria isiyo na hata mstari mmoja wa kuisumbua. Waandishi nao hulisema jambo hilo wakisimulia, kama pale Rehoboamu alipokataa kuwasikiliza watu na tunaambiwa jambo hilo lilitoka kwa BWANA (1 Wafalme 12:15). Lakini mwelekeo uko wazi vya kutosha kuufundisha. Enzi ya Mungu hutajwa ili aliyeumizwa apumzike na mwenye kiburi ashushwe. Mwenye hatia akiichukua kuwa kinga, Maandiko humnyang'anya.

Kuhusu Yuda nitakuwa mfupi, kwa sababu msingi umekwisha kuwekwa. Luka 22:22 ina pande zote mbili: "Mwana wa Adamu aenda zake kama ilivyokusudiwa, lakini, ole wake mtu yule amsalitiye!" Yuda hakuburutwa. Yohana anatuambia alikuwa mwizi wa mfuko muda mrefu kabla (12:6), na Mathayo anasema alikwenda mwenyewe kwa wakuu wa makuhani kuuliza watampa nini. Alipojuta hakusema alitumwa; alisema amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Kijana akishikilia kwamba utabiri ulimfunga Yuda, mwulize habari za Petro. Usiku ule ule, mezani pale pale, Petro naye alitabiriwa kwamba angemkana Bwana mara tatu, na ikawa. Utabiri haukumzuia Petro kutoka nje, kulia kwa majonzi, na kurudi.

Na yule aliyecheka. Msimrukie. Mwulize tu: dhambi unayoizungumzia umekwisha kuifanya au bado? Kama bado, amejuaje kwamba imepangwa? Kumbukumbu la Torati 29:29 inatenga vitu viwili: mambo ya siri ni ya BWANA, yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu, "ili tuyafanye maneno yote ya sheria hii". Hakuna mahali Mungu amemfunulia kwamba ataanguka Ijumaa. Yaliyofunuliwa ni amri, na ahadi ya 1 Wakorintho 10:13 kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Yakobo naye amekwisha kumjibu: mtu ajaribiwapo asiseme anajaribiwa na Mungu (1:13). Na kama kicheko kile kilificha jambo lililokwisha kutokea, maana vijana hufanya hivyo, hapo mjadala wa darasani haumfai. Zungumza naye faraghani, umsomee Luka 22:31 na 32, Yesu alipomwambia Petro kwamba amemwombea ili imani yake isitindike.

Nirudi Warumi 9, maana ndiko mtakakofikia mkifuatilia jina la Farao. Paulo anamjibu mpinzani wake kwa ukali: "wewe u nani umjibuye Mungu?" Wapo wanaosema hapo alimfunga mtu mdomo kwa sababu hoja zilimwishia. Sioni hivyo. Alianza sura hiyo kwa huzuni kubwa na maumivu yasiyokoma moyoni, hata akatamani yeye mwenyewe aharimishwe na kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Sura inayofuata inaanza na sala yake ili waokolewe, inasema kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka, inauliza wataaminije pasipo mhubiri, na inamaliza na Mungu akiwanyoshea mikono mchana kutwa watu wasiotii. Mtu aliyeandika sura ya 9 ndiye aliyeandika ya 10, kwa pumzi moja. Kanisa likimtenga Paulo wa sura ya 9 na Paulo wa sura ya 10, limetengeneza mtume wake lenyewe.

Na makanisa yametengana hapa kwelikweli. Hata kabla ya migawanyiko hiyo, Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba Wayahudi wa siku zake walikuwa wamegawanyika: Waeseni waliweka kila kitu chini ya majaliwa, Masadukayo walikana majaliwa kabisa, Mafarisayo wakasema baadhi ya mambo ni ya majaliwa na mengine yako mikononi mwetu. Askofu Augustino wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alishindana na Pelagio aliyedai mtu anaweza kutii kwa nguvu ya hiari yake. Mafundisho ya Pelagio yakakataliwa Karthago mwaka 418. Mtaguso wa Orange, yaani baraza la maaskofu lililokutana kusini mwa Ufaransa mwaka 529, ulikubali kwamba neema hutangulia kila jema la mtu, na ukalaani fundisho kwamba Mungu amewaandikia baadhi ya watu kutenda uovu. Kwangu huo ni mmoja wa mitaguso midogo iliyosema mengi kwa maneno machache. Erasmus, msomi aliyeitetea hiari ya mtu, na Martin Luther, mwanamatengenezo aliyeikana, walipambana mwaka 1524 na 1525. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuikataa neema, walitoa hoja zao mwaka 1610, na sinodi ya Dordrecht ikawakatalia mwaka 1618 hadi 1619. Wakatoliki nao walikuwa na vita vyao: mashirika mawili ya watawa, Wadominiko na Wajesuiti wa upande wa mwanatheolojia Luis de Molina, walibishana juu ya neema na hiari hadi Papa Paulo V alipofunga mjadala mwaka 1607 bila kumpa yeyote ushindi, akawakataza kuitana wazushi. John Wesley na George Whitefield walihubiri injili moja karne ya 18 huku wakipingana juu ya jambo hili hili, Wesley akiwa upande wa Arminius.

Mimi nasimama karibu na Augustino. Naamini mtu asiyeguswa na neema hataki kuja, na kwamba akija ni kwa kuwa amevutwa (Yohana 6:44). Lakini nakataa kwenda hatua moja zaidi na kusema Mungu hataki kwa dhati mwovu aghairi, kwa sababu Ezekieli amemsikia akisema hafurahii kufa kwake afaye na akiuliza, "mbona mnataka kufa, enyi nyumba ya Israeli?" Ndugu zangu wa mrengo wa Wesley huniambia kwamba nimesimama mahali pasipokalika. Huenda. Ila naona nao wanapata shida kwenye Kutoka 10:1 kama mimi nipatavyo kwenye Ezekieli 33:11, na kila mmoja wetu anaijua vizuri zaidi mistari inayomsumbua mwenzake kuliko inayomsumbua yeye.

Vijana watauliza pia, kama bado hawajauliza: ikiwa Mungu amekusudia, kuomba kuna faida gani, kuhubiri kuna faida gani, kunywa dawa kuna faida gani? Hapo msiende kwenye nyaraka, nendeni baharini, Matendo 27. Merikebu imepigwa na tufani siku nyingi. Malaika anamwambia Paulo kwamba lazima asimame mbele ya Kaisari, na kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Hakuna atakayepotea. Ahadi haina sharti. Muda si mrefu mabaharia wanashusha mashua kwa hila, wakijifanya wanatia nanga, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anamwambia akida na askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wanakata kamba, mashua inaanguka. Paulo hakuona mgongano wowote. Mungu aliyekusudia watu 276 wafike nchi kavu alikusudia pia wafike kwa mikono ya mabaharia wanaojua kazi, kwa kamba iliyokatwa, kwa chakula walichokula alfajiri, na kwa mbao ambazo wengine walizishika hadi ufuoni. Korintho ilikuwa vivyo hivyo: Bwana alimwambia Paulo, "mimi nina watu wengi katika mji huu", na neno hilo lilimfanya akae huko mwaka na miezi sita akifundisha (Matendo 18). Mtu wa leo angelisikia akafunga mizigo, akisema kama ni watu wake atawaleta mwenyewe.

Mwisho ni usemi ambao nadhani umeliharibu fundisho hili kuliko wanatheolojia wote niliowataja: "kazi ya Mungu haina makosa". Kwa Mungu ni kweli. Lakini tumezoea kuutamka juu ya kila kifo, hata cha mtu aliyeuawa na uzembe wa mtu mwingine, na ukishatamkwa hakuna anayeuliza tena. Torati ya Musa haikuruhusu hivyo. Kutoka 21:13 inazungumzia mtu aliyeua bila kuvizia, na inasema Mungu ndiye aliyemtia yule mtu mkononi mwake. Yaani hata ajali haiko nje ya mkono wa Mungu. Torati hiyo hiyo, Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, yaani paa la juu watu walikotembea, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Mwenye nyumba hawezi kusema Mungu alimwita marehemu. Alipaswa kujenga ukingo. Na Kutoka 21:29 ni kali zaidi: mwenye ng'ombe anayejulikana kuwa hupiga kwa pembe, akiwa ameonywa lakini hakumfunga, na ng'ombe akaua, anahesabiwa kuwa muuaji.

Kwa hiyo ningekushauri msiingie Kutoka 11 haraka. Pangeni kipindi kimoja cha Isaya 10 na 36 pamoja, na kingine cha Matendo 27. Mgawe darasa makundi mawili, moja litafute mistari ambamo Mungu anatajwa kuwa mtendaji, la pili litafute ambamo mtu anawajibishwa, kisha mlinganishe orodha. Mtashangaa ni mara ngapi makundi yote mawili yameandika mstari mmoja. Na kila mahali waandike pembeni jina la msemaji.